Wi-Fi ya Nyumbani: Gigahezi 2.4 au 5?

Ukifungua orodha ya mitandao kwenye simu, huenda ukaona ruta yako moja inatoa majina mawili, moja likiishia na 5G. Hiyo si 5G ya kampuni za simu. Ni gigahezi 5, masafa ya redio ambayo ruta inayatumia. Jina la pili ni la gigahezi 2.4.

Masafa ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ila yana msongamano. Bluetooth imo humo, oveni ya maikrowevu huvujisha mawimbi humo, na ruta za majirani zimo pia. Tena chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kwa anayeishi kwenye jengo la ghorofa, hili ndilo linalokwamisha video usiku, wakati wengi wako nyumbani. Gigahezi 5 ina chaneli nyingi na kasi kubwa, lakini ukuta wa zege huidhoofisha upesi.

Masafa na kasi hutegemea pia kizazi cha Wi-Fi. Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11b cha mwaka 1999 kilikomea megabiti 11 kwa sekunde. Kati ya vizazi vya baadaye, Wi-Fi 4 iliweza masafa yote mawili, Wi-Fi 5 ikabaki na gigahezi 5 pekee, na Wi-Fi 6 ikarudi kwa yote, ikihudumia vifaa vingi kwa pamoja.

Basi runinga iliyo karibu na ruta iunganishe kwenye 5, simu ya chumba cha mbali kwenye 2.4. Na usiizime 2.4 kabisa: kamera na balbu nyingi za bei nafuu hushika hiyo tu.