Tuanze na Mihimili, Rangi Baadaye

Tunapozungumzia ukarabati wa boti kuukuu za faiba, wengi hufikiria injini na rangi. Leo tunaomba tuanzie chini ya sakafu.

Faiba yenyewe haiozi kama mbao. Kinachooza ni mihimili ya mbao iliyofunikwa ndani yake, inayolala kwa urefu wa boti na kubeba sakafu na injini. Maji hupenya kwenye tundu la skrubu lisilozibwa, yakakaa humo kwa miaka, huku nje boti ikiendelea kung'aa. Kufunga injini kubwa hapo ni kuongeza mzigo juu ya uozo, na ndani wamo abiria.

Dalili mojawapo ni sakafu inayobonyea. Gongeni kwa nyundo ndogo: mhimili mzima hutoa mlio mkali, uliooza hutoa mlio mzito.

Kabla ya kukata sakafu, boti iegemezwe sawasawa isije ikapinda. Mihimili itolewe mmoja mmoja, na mahali pake pasuguliwe na kukauka kabisa. Mbao mpya, kavu, zilazwe kwenye gundi ya epoksi, zifunikwe kwa vitambaa vya faiba, na kila tundu lizibwe. Fundi avae barakoa, kwa maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Kazi hii haionekani kwenye picha za taarifa. Hata hivyo, tunawaomba wafadhili waikubali, na kamati ziitangulize katika bajeti.