Likizo Isifunge Kitabu
Mazungumzo juu ya shindano la kusoma wakati wa likizo

Mazungumzo haya yanaelekezwa kwa wazazi, walimu na watumishi wa Serikali katika shehia zote za Unguja na Pemba. Jambo linalozungumzwa ni moja: namna mtoto anavyoweza kuendelea kusoma wakati skuli zimefungwa.

Nchini Uingereza, tangu mwaka 1999, maktaba za umma huendesha kila mwaka shindano la kusoma katika likizo ya kiangazi. Wanaohusika hasa ni watoto wa umri wa miaka 4 hadi 11. Likizo yao huchukua kiasi cha wiki 6, na kwa desturi mtoto hujiwekea ahadi ya kusoma vitabu 6, yaani kitabu kimoja kwa wiki. Huazima kitabu bila ya malipo, hukisoma, huenda kumsimulia mtumishi wa maktaba yaliyomo, naye huandikiwa katika kadi yake. Anayetimiza ahadi hupewa cheti. Ingawa huitwa shindano, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Mtoto hashindani na mwenziwe. Hushindana na ahadi yake mwenyewe.

Huenda msikilizaji akasema kwamba hayo ni mambo ya nchi zenye maktaba katika kila mji. Kwa sababu hiyo inafaa jambo hili lipimwe kwa mfano wa mahali pagumu kufikika. Mfano uliochaguliwa ni Lupingu.

Lupingu ni kijiji cha mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Ludewa. Wilaya hiyo imo katika Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012. Mwenye kwenda huko kwa gari huiacha barabara kuu na reli ya TAZARA mjini Makambako, hupita Njombe na Ludewa penye baridi, kisha huteremka milima ya Livingstone hadi kwenye joto la ziwani. Kwa miaka mingi meli za mv Songea na mv Iringa zilitia nanga Lupingu katika safari zao baina ya bandari ya Itungi, wilayani Kyela, na Mbamba Bay. Na mwaka 2021 ilizinduliwa mv Mbeya II kwa ajili ya abiria na mizigo ya ziwa hilo. Kijiji hicho kiko bara, lakini kwa kuwa mlima uko nyuma yake na maji yako mbele yake, maisha yake hayako mbali na ya Tumbatu au Kojani. Ugumu unaokabili kitabu kufika Lupingu unafahamika vyema na watu wa visiwani.

Wenyeji wa mwambao huo ni Wakisi, ambao wanawake wao wanajulikana kwa ufinyanzi wa vyungu. Mtoto wa Kikisi huzungumza lugha ya kwao nyumbani, na Kiswahili cha kitabuni hukipata zaidi darasani. Skuli zinapofungwa mwezi wa Juni, yeye hurudi shambani kwenye mihogo, au huwasaidia wakubwa kuanika dagaa. Kazi hizo ni malezi mema, na hakuna anayezilaumu. Lakini iwapo mwezi mzima utapita bila ya ukurasa mmoja kufunguliwa, mtoto wa darasa la pili aliyekuwa ameanza kuunganisha silabi atarudi akiwa amepungukiwa, na mwalimu atalazimika kutumia siku za mwanzo wa muhula kufundisha upya yaliyokwisha kufundishwa.

Kwamba kusoma hupotea kusipotumiwa si maneno ya kutisha watoto. Ni jambo lililokwisha kuonekana katika historia ya nchi hii. Mwaka 1967, kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Julius Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 kampeni ya kufuta ujinga ikaanzia katika wilaya 6, zikiwemo za visiwa vya Mafia na Ukerewe. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39, na ule wa mwaka 1986 ulionyesha kiasi cha asilimia 10 tu. Hayo yalikuwa mafanikio yaliyosifiwa duniani.

Hata hivyo, Sensa ya mwaka 2002 ilikuta kwamba kiasi cha watu 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawajui kusoma. Vipimo hivyo havikuwa vya namna moja, na hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ilikuwa na sehemu yake: madarasa ya watu wazima yalidhoofika na watoto wengi hawakuandikishwa skuli. Lakini sababu moja yafaa kukumbukwa katika mazungumzo haya. Watu wengi waliofuzu katika kampeni hawakupata tena cha kusoma. Magazeti ya vijijini yalipungua, vitabu havikufika, na aliyepewa cheti hakupewa kitabu cha pili. Basi elimu iliyopatikana kwa jasho la miaka mingi ilichujuka kimya kimya, bila ya mtu kuitangazia msiba.

Historia hiyo hiyo inaonyesha pia dawa. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya “Mtu ni Afya”, iliyochukua wiki 12. Kiasi cha watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, kisha mmoja wao aliyejua kusoma akawasomea wenziwe kijitabu kilichotayarishwa, na wote wakazungumza juu yake. Baada ya mazungumzo walichimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Kijitabu kimoja kilitosha kundi zima, kwa sababu palikuwa na msomaji, wasikilizaji na siku maalumu.

Kuhusu upatikanaji wa vitabu, nako kuna mfano wa zamani. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu mahali pasipokuwa na maktaba, na wasomaji wengine waliazima kwa njia ya posta. Shirika hilo hilo ndilo lililoendesha shindano la uandishi ambalo mzee Muhammed Said Abdulla, mwana wa Zanzibar, alishinda kwa hadithi yake “Mzimu wa Watu wa Kale”, iliyochapishwa mwaka 1960. Kwa hiyo sanduku la vitabu si wazo geni. Sanduku moja lenye vitabu 40 linabebwa na watu wawili, na linaingia katika meli, katika ngalawa au juu ya paa la gari.

Ndugu Wananchi,

Shindano la kusoma katika mahali kama Lupingu, au katika shehia yoyote ya Unguja na Pemba, linahitaji mambo matatu.

La kwanza ni kitabu kuwa mkononi mwa mtoto kabla ya skuli kufungwa. Katika Ziwa Nyasa upepo wa kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka na kuchafua maji. Sanduku linalongojewa baada ya likizo kuanza huenda lisifike. Vitabu vya kabati la skuli navyo visifungiwe kwa hofu ya kupotea. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto ni hasara ndogo kuliko kitabu kipya kilicholiwa na mchwa ndani ya kufuli.

La pili ni msikilizaji. Mtoto asiyesikilizwa huchoka upesi. Mzazi asiyejua kusoma asijitoe katika kazi hii, kwani kazi yake si kusahihisha herufi bali ni kuuliza: nani alikwenda wapi, na mwisho wake ulikuwa nini? Mama anayefinyanga chungu au anayesuka ukili anaweza kusikiliza hadithi huku mikono yake ikiendelea na kazi.

La tatu ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari moja la kila skuli liandikwe jina la mtoto, idadi ya vitabu alivyoahidi, na tarehe aliyomaliza kila kimoja. Likizo ikiwa ya wiki 4, vitabu 4 vinatosha. Na kwa mtoto wa darasa la pili, vijitabu vya kurasa 16 si haba. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuhusu zawadi, watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa. Mtoto anapohitimu Qur'ani chuoni, jamaa hukusanyika, hupikwa kilichopo, naye huvishwa vizuri akaonekana mbele ya watu. Heshima ya namna hiyo, hata kwa kiasi kidogo, ikitolewa siku ya kufungua skuli kwa kila aliyetimiza ahadi yake, itafanya kazi kubwa kuliko fedha.

Watumishi wa Serikali wana nafasi yao. Mwalimu mkuu anaweza kumkabidhi mtu mmoja mwaminifu ufunguo wa kabati. Sheha anaweza kutenga alasiri moja kwa wiki, na baraza moja penye kivuli, kwa ajili ya watoto kusomeana. Bwana shamba, muuguzi au karani aliyekwenda likizo kijijini kwao anaweza kuketi saa moja na kuwasikiliza. Wakaazi walio karibu na Maktaba Kuu ya Maisara au maktaba ya Chake Chake wanaombwa kuwapeleka watoto wao huko mapema, badala ya kungoja siku za mitihani.

Hakuna katika hayo linalohitaji bajeti mpya. Linalohitajika ni makubaliano baina ya skuli na nyumba kwamba likizo humpumzisha mtoto na kengele, wala si na kitabu. Nchi iliyokwisha kuona mamilioni ya watu wake wakijifunza kusoma, na baadhi yao wakaja kusahau, inajua gharama ya kuacha. Mtoto wa Lupingu na mtoto wa Kojani, kila mmoja akiwa kando ya maji yake, wote wawili wanahitaji kitabu kifuatacho kabla hawajakisahau kilichopita.