Wanaolala Nje Jijini: Hesabu ya Usiku Mmoja na Hesabu ya Mwaka

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya watakwimu, maafisa wa ustawi wa jamii na wapangaji wa miji, Nairobi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhesabu watu wasio na makazi katika jiji kubwa. Naomba nianze na idadi mbili kutoka London. Majira ya vuli ya 2024, halmashauri za jiji hilo zilitoa hesabu ya usiku mmoja: watu 1,318 walilala nje. Katika mwaka ulioishia Machi 2025, wahudumu wanaozunguka mitaani usiku waliandikisha watu 13,231 ambao kila mmoja alikutwa akilala nje angalau mara moja. Jiji ni lile lile, na idadi ya pili ni mara kumi ya ile ya kwanza. Hakuna aliyekosea hesabu. Moja inaeleza waliokuwapo nje usiku ule, nyingine inaeleza waliopitia maisha hayo kwa mwaka.

Hoja yangu ni kwamba hesabu ya usiku mmoja, hata ikifanywa kwa uangalifu wote, haitoshi kuliongoza jiji. Tunahitaji pia kujua mtu amekaa nje kwa muda gani, alifikaje huko na wengine walitokaje. Wala hatutayajua hayo ikiwa anayehesabiwa ana sababu ya kumkimbia anayehesabu.

Tulichonacho

Kenya haianzi kutoka sifuri. Mwaka 2018 ilifanyika sensa maalumu ya familia za mtaani, ikapata watu 46,639 nchi nzima. Nairobi peke yake ilikuwa na 15,337, yaani karibu theluthi moja. Mwaka uliofuata, katika sensa ya kitaifa ya usiku wa kuamkia Agosti 25, 2019, makarani waliwahesabu waliolala nje usiku ule ule, kabla hawajaamka na kutawanyika. Jirani zetu wa Tanzania nao, kwenye sensa ya Agosti 2022, waliwatengea utaratibu wasio na makazi maalumu pamoja na wasafiri waliokuwa vituoni.

Nazithamini kazi hizo. Miji mingi mikubwa ya dunia haina hata hiyo idadi moja. Shida yangu ni namna tunavyoitumia. Idadi ya Nairobi inatajwa bungeni, kwenye maombi ya ufadhili na magazetini kana kwamba ni kundi la watu 15,337 ambao ni wale wale mwaka hadi mwaka, wanaosubiri kuondolewa. Kwa mtazamo huo mtu hujenga kituo kimoja kikubwa, huwahamishia watu huko, kisha hushangaa kuona baada ya miezi michache pembe za barabara zimejaa tena. Waliojaa si lazima wawe wale wale.

Nani anahesabiwa

Sitakaa sana kwenye fasili, maana vikao vingi huishia hapo. Ila mfano mmoja unahitajika. Mwishoni mwa 2021 nyumba za maelfu ya familia zilibomolewa Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara. Watu walilala kwenye mahema na chini ya maturubai palepale zilipokuwa nyumba zao, wiki baada ya wiki, wakati wa mvua. Kama usiku wa kuhesabu ungeangukia wiki ile, idadi ya Nairobi ingepanda kwa kishindo. Kama ungeangukia miezi sita baadaye, wengi wao wangekuwa wamebanana kwa ndugu, familia mbili kwenye chumba kimoja, na hesabu isingewaona kabisa. Hawangekuwa wamepata makazi.

India, kwenye sensa yake ya 2011, iliwahesabu watu milioni 1.77 wasio na nyumba, ikiwachukua waliokutwa kando ya barabara, kwenye mabomba, chini ya ngazi, kwenye majukwaa ya reli na maeneo ya ibada. Huko Los Angeles hesabu inajumuisha wanaoishi ndani ya magari na mahema. Kwa kuwa wanaohesabu hawafungui hema la mtu usiku, huhesabu mahema na magari, kisha huzidisha kwa wastani wa watu uliopatikana kwenye mahojiano ya mchana. Mwaka 2024 njia hiyo ilitoa watu 45,252 kwa jiji na 75,312 kwa kaunti nzima. Kila jiji linachagua, na uchaguzi wake unapaswa kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Fasili ya kwetu lazima iseme wazi kama mlinzi anayelala kwenye kibanda cha lindo kwa sababu hana pengine pa kulala ni mmoja wao. Kwa maoni yangu, ni mmoja wao.

Wasioonekana

Kati ya 1985 na 1986 mwanasosholojia Peter Rossi alifanya jambo lililokuwa geni. Wakati ule wanaharakati wa Chicago walikuwa wakitaja zaidi ya watu 10,000 wasio na makazi jijini humo. Rossi alichagua vipande vya mitaa kwa bahati nasibu, kama watakwimu wanavyochagua kaya, akawatuma wahoji kuvipekua vyote baada ya saa saba ya usiku: vichochoro, vibaraza, magari yaliyoegeshwa, majengo matupu. Makadirio yake kwa usiku mmoja yalikuwa kati ya watu 2,000 na 3,000. Alilaumiwa vikali, na wapo waliomwona kama msaliti wa maskini.

Ukali wa mbinu yake nauunga mkono. Kuna jambo moja tu linalonisumbua: wahoji wake walifuatana na polisi waliokuwa nje ya zamu, kwa usalama wao. Jiwekeni mahali pa mtu aliyelala kwenye ngazi za jengo bovu anaposikia hatua za watu wanne usiku wa manane, wawili kati yao wakiwa na mwendo wa askari.

Miaka michache baadaye, usiku wa Machi 20, 1990, Idara ya Sensa ya Marekani ilijaribu kuwahesabu kote nchini kwa usiku mmoja. Ilipata karibu watu 50,000 mitaani na zaidi ya 170,000 kwenye malazi ya dharura. Katika miji mitano, ikiwamo New York na Los Angeles, watafiti waliweka watu wao mitaani waangalie kama makarani watawafikia, na wengi hawakuulizwa lolote. New York ilijifunza kutokana na hilo. Hesabu yake ya kila mwaka, inayofanywa na watu wa kujitolea, ikaanza kuwa na watu wa kupandikizwa: wanavaa nguo za kawaida, wanakaa mahali walipopangiwa, na mhesabu akiwafikia wanajitambulisha. Waliokoswa wanasaidia kupima ni wangapi wengine wamekoswa. Mwaka 2005 karibu vituo 3 kati ya 10 vya watu hao havikufikiwa, ingawa vilikuwa mahali pa wazi ndani ya maeneo yaliyotakiwa kuhesabiwa.

Watafiti walioipima hesabu hiyo ya 2005, Kim Hopper na wenzake, waliwauliza pia watu wenyewe siku zilizofuata: usiku ule ulilala wapi? Kati ya waliolala nje, asilimia 31 hadi 41 walikuwa mahali ambapo mhesabu asingewaona hata kama angepita hapo. Mbinu hii ya kuuliza baadaye ni rahisi kuliko zote. Inafanyika mchana, penye chakula cha bure au zahanati, na haihitaji kumwamsha mtu.

Katika jambo hili wanawake wanapotea zaidi. London, mashirika yanayofanya kazi na wanawake yalianzisha sensa yao mwaka 2022 kwa sababu hesabu ya kawaida inatafuta mtu aliyejilaza, na mwanamke aliye peke yake hajilazi. Anapanda basi la usiku hadi mwisho wa njia na kurudi, anakaa chumba cha kusubiria cha hospitali, anatembea hadi kuche. Hapa kwetu mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni huenda akakaa kwenye kituo cha mabasi ya mbali kati ya wasafiri, mzigo wake pembeni, akionekana kama anayengoja basi la alfajiri. Karani akipita atamwandika msafiri. Makarani wetu hawana swali la kumtambua, na swali lenyewe ni fupi: jana ulilala wapi?

Muda

Hili ndilo lililonifanya nikubali kuandika mada hii, kwa hiyo mniwie radhi nikilikalia.

Fikirieni wodi yenye vitanda 100, vyote vimejaa mwaka mzima. Vitanda 10 vina wagonjwa wasiotoka kamwe. Vile 90 vinabadilisha mgonjwa kila mwezi. Ukiingia usiku wowote utakuta wagonjwa wa kudumu ni 10 kwa kila 100. Mwisho wa mwaka utakuwa umewahudumia watu 1,090, na wale wa kudumu hawafiki hata mmoja kwa kila 100. Anayetazama usiku mmoja ataona ugonjwa wa kudumu, anayetazama mwaka ataona watu wanaoingia na kutoka. Wanakubaliana juu ya idadi ya vitanda, lakini watapendekeza matibabu tofauti.

Mwaka 1998 Randall Kuhn na Dennis Culhane walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za malazi ya dharura ya New York na Philadelphia kwa watu wazima wasio na familia. Karibu 80 kati ya kila 100 waliingia, wakakaa muda mfupi, wakatoka. Karibu 10 waliingia na kutoka mara kwa mara. Karibu 10 waliosalia walikaa muda mrefu sana, na hao wachache ndio waliotumia karibu nusu ya siku zote za malazi. Uchambuzi huo ulibadilisha sera. Kwa waliokaa muda mrefu, ilidhihirika kwamba kuwapa nyumba moja kwa moja pamoja na huduma ya afya si anasa, maana jiji tayari lilikuwa likilipia maelfu ya siku zao. Kwa wale wengi, kilichohitajika ni msaada kabla ya kutoka nyumbani: kodi ya mwezi mmoja, usuluhishi na mwenye nyumba, nauli ya kurudi kwa jamaa.

Sidai kwamba mgawanyo huo unahamishika hadi Nairobi. New York ina amri ya mahakama tangu 1981 inayolilazimu jiji kumpa malazi anayeyahitaji, ndiyo maana walio wengi huko wamo ndani ya malazi yanayoweka kumbukumbu. Sisi hatuna mfumo huo. Kijana wa Mlango Kubwa anaweza kulala nje siku nne, akakodi kitanda akipata chuma chakavu cha kuuza, akarudi kwa mama yake Mathare wakati wa mvua, kisha akarudi mjini. Tena kwetu kuna watoto waliozaliwa mtaani na wazazi waliozaliwa mtaani, jambo ambalo majedwali ya New York hayakuliwazia. Huenda kundi letu la muda mrefu ni kubwa zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kulipima wenyewe badala ya kuazima asilimia za watu.

Hofu

Wanaolala nje wanajua kuwaona watu wenye sare na vitabu kabla wao hawajaonwa. Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji mwaka 1997, lakini makosa ya uzembe na uzururaji yalibaki kwenye kanuni za adhabu za nchi nyingi za ukanda wetu, na asili yake ni sheria ya Uingereza ya 1824. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika wa haki hizo, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha vifungu vya nchi hiyo vilivyohusu wazururaji.

Nayataja haya kwenye semina ya takwimu kwa sababu yanaharibu takwimu. Jiji likifanya msako kabla ya ugeni wa kimataifa, kisha likatuma makarani mwezi unaofuata, litapata idadi ndogo na kujipongeza. Watu wako mtoni, kwenye mitaro, kwenye majengo yasiyokwisha. Kwa hiyo askari wa kaunti wasifuatane na makarani, hata wakiwa bila sare, na msako usifanyike miezi mitatu kabla ya hesabu wala mitatu baadaye. Ahadi hiyo iandikwe na kutiwa saini. Majina yakikusanywa, yasihifadhiwe na idara yenye mamlaka ya kukamata.

Napendekeza nini

Kwanza, wanaohesabu wawe na waliowahi kuishi nje kati yao, na walipwe sawa na makarani wengine. Wanajua ni kituo kipi, yaani mahali wanapokusanyika wanaolala nje, hulala watu lini, na ni kiongozi gani wa kituo anayepaswa kuelezwa mapema.

Pili, tuhesabu mara mbili, siku chache zikipita katikati, tukiuliza mara ya pili kama mtu alihesabiwa mara ya kwanza. Tukipata watu 400 usiku wa kwanza na 300 usiku wa pili, na kati ya hao 300 tukakuta 120 waliokwisha kuhesabiwa, makadirio yanakuwa 400 mara 300 gawanya kwa 120, yaani 1,000. Tumewaona 580 tu kwa macho. Njia hii ina udhaifu wake: aliyejificha mara zote mbili hayumo, kwa hiyo idadi halisi huenda ikawa kubwa zaidi. Hata hivyo inatuambia ukubwa wa pengo, jambo ambalo hesabu moja haiwezi.

Tatu, na hili kwangu linatangulia kwa uzito, tuwe na daftari la mwaka mzima. Zahanati, makao ya watoto, wagawaji wa chakula na wahudumu wa mitaani wanakutana na watu hawa kila siku. Wakikubaliana juu ya alama moja ya siri kwa kila mtu, tarehe ya kwanza kuonekana na tarehe ya mwisho, tutaanza kuona muda. Maswali matatu yanatosha kuanzia: ulianza lini kulala nje, kabla ya hapo ulikuwa ukilala wapi, na je, uliwahi kutoka ukarudi? Jibu la swali la mwisho litatuonyesha nyumba, kazi au jamaa waliowahi kumshika mtu kwa muda, na kilichokatika.

Sensa ijayo ya Kenya inatarajiwa 2029. Daftari likianza mwaka huu katika wadi chache, tuseme Ngara, Pangani na Kariokor, litakuwa limekusanya misimu kadhaa ya mvua na ya kiangazi kabla ya usiku huo kufika, na makarani watakwenda wakiwa na orodha ya vituo, saa za kuvifikia na watu wa kuwapokea. Rasimu ya fomu ya daftari nimeiambatanisha. Naomba kundi la tatu liijadili mchana huu, hasa kipengele cha nani atayashika majina.