Usimlaani Ndugu Yako, Mpeleke Kikaoni



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mliohudhuria, leo sikuja kuwaambia kwamba pombe ni haramu. Hilo tumelijua tangu chuoni. Tumesoma vile katazo lilivyoshuka hatua kwa hatua mpaka aya ya 90 ya Suratul Maida. Swali langu ni jengine: yule anayeijua hukumu kuliko mimi na wewe, na bado kuacha kunamshinda, tumempeleka wapi?

Nina binamu yangu. Tumesomeshwa na maalim mmoja, naye alinitangulia kuhitimu. Kila Shaaban ikielekea ukingoni, anaacha. Ramadhan nzima yuko safu ya mbele, tarawehe hakosi. Idi mosi salama, Idi pili salama. Idi tatu analetwa nyumbani amebebwa. Mwaka jana nilimfungia mlango, nikamlaani mbele ya majirani. Nilidhani naitetea dini.

Kumbe nilikuwa nimeisahau Hadithi niliyoisoma mwenyewe, ameipokea Bukhari. Sahaba mmoja aliadhibiwa kwa ulevi zaidi ya mara moja. Mtu mmoja akamlaani. Mtume (S.A.W.) akamkataza, akashuhudia kuwa mlevi yule anampenda Allah na Mtume wake. Katika riwaya nyengine akawakataza watu wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Adhabu ilikuwepo, lakini mlango haukufungwa.

Nikaenda kumuomba radhi. Akaniambia, "Msikitini naona haya, maskani wananirudisha kwenye chupa. Nizungumze na nani?"

Ndugu yangu msomaji, watu wa kuzungumza nao wapo. Mwaka 1935, mjini Akron huko Marekani, walevi wawili, mmoja mtu wa soko la hisa na mwengine daktari, waligundua kuwa mlevi anayetaka kuacha hupata nguvu akikaa na mwenziwe mwenye maradhi hayo hayo. Ndipo kikaanza chama cha Alcoholics Anonymous, yaani AA. Hapa Kenya vikao vyake vipo, na siku hizi viko pia vya mtandaoni. Pa kuanzia ni rahisi: piga 1192, nambari ya bure ya NACADA, uulize kikao kilicho karibu nawe. Au muulize mshauri nasaha hospitalini.

Ukifika, hakuna fomu wala ada. Sharti ni moja tu, uwe na nia ya kuacha. Unataja jina lako la kwanza basi. Watu wanakaa, mmoja anaeleza yaliyomkuta, wengine wanasikiliza bila kumkatiza. Hulazimishwi kusema. Kikapu kikipita cha kodi ya ukumbi, si lazima utoe. Yanayosemwa pale hayatoki nje. Kikao cha kwanza kisipokukalia vizuri, jaribu chengine kabla hujakata tamaa.

Najua utaniuliza, "Mbona vikao vyengine viko kwenye ukumbi wa kanisa?" Ukumbi unakodishwa tu, AA si ya dini yoyote. Wanamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomfahamu, na wewe unamfahamu Mola wako. Wakisoma dua yao, nyamaza, na moyoni omba yako. Mjini Baltimore, Marekani, Waislamu walianzisha Millati Islami mwaka 1989, wakazipanga hatua hizo 12 kwa misingi ya dini yetu. Utauliza tena, "Si tumeambiwa tusitangaze madhambi yetu?" Kweli, lakini kujisifu kwa dhambi ni jambo moja, na kumuonyesha tabibu kidonda ni jengine.

Tahadhari moja kubwa. Anayekunywa sana kila siku asikatize ghafla peke yake, hata kwa nia ya kufunga. Anaweza kutetemeka, kupata kifafa, kuweweseka, hata kufa. Amuone daktari kwanza. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, iko katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185.

Na nyinyi akina mama na wake mnaolia kimyakimya, jamaa za walevi pia wana vikao vyao, vinaitwa Al-Anon. Si lazima mgonjwa wenu awe amekubali kuacha ndipo muende.

Siku ya kwanza binamu yangu alisimama nje ya geti karibu robo saa. Kilikuwa kikao cha wazi, kile ambacho hata asiyekuwa mlevi anaruhusiwa, basi nikamshika mkono tukaingia pamoja. Baada ya wiki kadhaa alianguka. Akarudi, wakampa kiti kama kawaida, hakuna aliyemcheka. Sasa ana miezi 7, alhamdulillah, na hesabu yao pale ni ya siku moja moja.

Ndugu yangu, mwezi huu unamjua mmoja aliyeacha kwa ajili ya Ramadhan. Usingoje aanguke Idi tatu ndipo upate la kusema. Mfuate leo baada ya futari, mzungumze faraghani, umwambie, "Twende, nitakusindikiza." Mimi Idi tatu ya mwaka huu, in sha Allah, tutakuwa kikaoni pamoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.