Mtoto Huyu Analala Saa Ngapi?



Naomba tuanze na hesabu. Mtoto wa miaka minne anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam, ambaye basi la shule humpitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, huamshwa saa kumi na moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Aprili 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi mzuri wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukiwemo. Kama shuleni hapati nafasi ya kulala, basi ili atimize saa 10 tu, kiwango cha chini kabisa, inabidi awe ameshasinzia saa moja jioni. Saa moja jioni mama yake bado yumo kwenye daladala. Baba hajafunga duka. Sufuria ndiyo kwanza imebandikwa. Taarifa ya habari ya saa mbili bado, na itatazamwa sebuleni, ambako katika nyumba nyingi ndiko mtoto anakotandikiwa.

Ninaposikia wazazi wa mjini wakisutwa kwamba hawajali watoto wao, huwa nairudia hesabu hii.

Mwongozo huohuo unataka mtoto wa umri huo achangamshe mwili kwa dakika 180 kwa siku, angalau 60 kati ya hizo ziwe za kuhema na kutoka jasho, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Yote matatu yamewekwa pamoja kwa sababu yanagombea saa 24 zilezile. Aliyelala kidogo huamka na kisirani, mkubwa aliyechoka humpa simu atulie, akitulia hachezi, asipocheza, usiku macho makavu. Wapi pa kuanzia? Kampeni zetu nyingi huanzia kwenye simu. Mimi naona tuanzie kwenye usingizi.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, walichapisha jaribio dogo. Watoto wa miaka 3 hadi 5 waliwekwa kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya muda wao wa kulala. Melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, ilishuka kwa karibu asilimia 88, na kwa wengi wao ilikuwa bado chini dakika 50 baada ya mwanga kuondolewa. Watoto walikuwa 10 tu, na mwanga ule ulikuwa mkali kuliko wa simu. Sitaki mtu atoke hapa akatangaze zaidi ya kilichopimwa. Lakini jicho la mtoto hupitisha mwanga mwingi kuliko letu, na taa nyeupe ya sebuleni pamoja na runinga si kitu kidogo kwake.

Kuhusu skrini zenyewe, wataalamu hawajakubaliana. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikiri kuwa ushahidi uliotegemewa ni hafifu. Chuo cha Kifalme cha madaktari wa watoto cha Uingereza, Januari 2019, kilikataa kuweka kikomo cha saa, kikawapa wazazi maswali ya kujiuliza: je, skrini inaingilia usingizi? Je, inavuruga mambo ya familia? Kikashauri pia zizimwe saa moja kabla ya kulala. Napenda njia hiyo, kwa kuwa swali humwachia mama nafasi ya kupima nyumba yake. Na kinachotazamwa nacho kina uzito. Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa 2018 ulionyesha kwamba watoto wa chekechea waliotazama Akili and Me, katuni inayotengenezwa Dar es Salaam, walijifunza kuhesabu na kutambua maumbo zaidi kuliko wenzao waliotazama kipindi kingine. Katuni ya saa kumi jioni si sawa na katuni ya saa tatu usiku, hata kama ni ileile.

Mchezo ungekuwa jambo rahisi kuliko yote. Hatuna majira ya baridi kali ya kuwafungia watoto ndani. Jua letu huzama karibu saa ileile mwaka mzima. Ila dada anayebaki na mtoto ameagizwa geti lisifunguliwe, na agizo hilo lina sababu: bodaboda, mitaro, kiwanja cha mtaa kilichokwisha kujengwa. Basi mtoto acheze uani na hata sebuleni: aruke kamba, acheze muziki, abebe ndoo ndogo ya maji, afagie vibaya apendavyo. Dada aelezwe hayo kama anavyoelezwa habari za uji. Yeye ndiye anayeshinda na mtoto.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, ina maeneo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Usingizi haukupewa eneo lake. Naomba upewe walau ukurasa.

Na ninyi wenye shule, mtanisamehe. Mtoto wa miaka minne hahitaji kazi ya nyumbani ya kufanya saa mbili usiku. Anahitaji mkeka na chumba chenye kivuli baada ya chakula cha mchana, na basi lisilomzungusha mji mzima kabla ya jua kuchomoza. Mzazi hawezi kubadilisha ratiba hiyo peke yake. Ninyi mnaweza, na muhula ujao hauko mbali.