Saratani ya Mlango wa Kizazi si Hukumu ya Ukoo



Nimeombwa nizungumzie urithi wa mtu na uwezo wa mwili wake kupambana na saratani. Nitaanza na kauli inayosikika sana mitaani, hapa Kariakoo na kwingineko: "Saratani ni ya ukoo." Mzazi akishaamini hivyo, humwona binti yake ama yu salama kabisa, ama amekwisha kuhukumiwa, na kwa vyovyote huona chanjo haina kazi.

Saratani inayowaua wanawake wengi zaidi nchini mwetu ni ya mlango wa kizazi. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya wapatao 10,000. Wengi wa wanaofika Ocean Road hufika wamechelewa. Ugonjwa huu haurithiwi kama shamba. Huletwa na virusi vya papiloma, viambukizwavyo kwa kujamiiana. Wanawake wengi huvipata wakati fulani wa maisha, na kwa walio wengi mwili huviondosha wenyewe katika muda wa miaka miwili hivi. Kwa nini basi mwili wa huyu huvishinda, na wa yule huvilea mpaka vikazaa saratani?

Mnunuzi wa mchele sokoni hamwagi gunia zima. Huchoma bambo, akatoa punje chache, akazitazama. Seli za mwili nazo hutoa vipande vidogo vya protini zilizomo ndani yake na kuviweka juu ya utando wa nje, ili askari wa mwili, yaani seli T, wavikague. Kikionekana kipande cha virusi, seli hiyo huuawa. Chombo kinachobeba vipande hivyo huundwa kwa maelekezo ya jeni ziitwazo HLA, nazo hutofautiana mno baina ya mtu na mtu. Bambo la mmoja hunasa punje mbovu upesi. La mwingine huzipita. Ndiyo maana wachunguzi wameona baadhi ya aina za HLA zikiambatana na hatari kubwa zaidi ya saratani hii, na nyingine na hatari ndogo.

Saratani nayo ina hila. Huweza kukificha chombo hicho, au kuwapa askari ishara ya kutulia. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha jinsi ya kuizuia ishara hiyo. Dawa zilizotokana na kazi yao ni ghali mno kwa mwananchi wa kawaida.

Lakini urithi si kila kitu. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yumo katika hatari ya saratani hii mara 6 hivi kuliko mwenzake. Jeni zake za HLA ni zile zile alizozaliwa nazo. Askari wake ndio waliopungua.

Na askari hufundishika. Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, walishiriki katika uchunguzi wa chanjo ya papiloma. Miaka miwili baadaye, karibu wote waliopewa dozi moja tu walikuwa bado na kingamwili katika damu. Kingamwili hukamata virusi mlangoni, kabla havijaingia ndani ya seli, kabla kazi ya bambo haijaanza. Kwa hiyo hata binti mwenye bambo dhaifu hukingwa. Taifa lilianza kutoa chanjo hiyo mwaka 2018, na mwaka 2024 likahamia dozi moja.

Liko jambo moja linalonikera. Sehemu kubwa ya ujuzi wa jeni duniani imetokana na damu ya watu wenye asili ya Ulaya, ilhali ni Waafrika wanaotofautiana zaidi kijeni kuliko watu wote. Kariakoo peke yake, mtaa uliopewa jina la kikosi cha wapagazi wa vita na kujazwa na watu wa kila pembe ya nchi, ingewapa wataalamu kazi ya miaka mingi.

Mwalimu atakayeulizwa kama chanjo huleta ugumba ajibu waziwazi kwamba haileti. Aongeze kwamba chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Mama wa binti huyo, akiwa na umri wa miaka 30 hadi 50, aende kituoni akapimwe; kipimo chenyewe hufanywa kwa siki, na huchukua dakika chache.