Kufufua Ardhi Iliyokufa: Habari ya Kijiji cha Gourga

 



Katika vitabu vya fiq'hi mna mlango uitwao Ihyaaul-mawaat, yaani kufufua ardhi iliyokufa. Wanafunzi wetu huupita mbio mlango huu, wakidhani kuwa ni mambo ya mabedui wa zamani. Leo napenda tuusome kwa kutazama kijiji kimoja cha mbali, Gourga, katika jimbo la Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso.

Kijijini humo aliishi Yacouba Sawadogo, Mwislamu ambaye utotoni alipelekwa nchi jirani ya Mali kusoma chuo cha Qur'ani. Aliporejea alifanya biashara katika soko la mji wa Ouahigouya. Kisha ukaja ukame mkali wa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mifugo ikafa, ghala zikawa tupu, na watu wengi wa Yatenga wakahama kwenda kutafuta vibarua, wengine wakifika hadi Kodivaa. Yacouba akafanya kinyume chao. Aliacha biashara akarudi kulima, tena katika ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama sakafu, ambayo mvua ikinyesha hutiririka juu yake bila kuzama.

Alichokifanya si kigeni kwa watu wa huko. Wazee wao walikuwa wakichimba vishimo vidogo, viitwavyo zaï, ili kukusanya maji. Yeye aliviongeza upana na kina, akavitia samadi na majani yaliyooza, na akavichimba wakati wa kiangazi, kabla ya mvua. Samadi ile iliwavuta mchwa, nao mchwa wakatoboa njia nyingi chini ya ardhi, maji yakapata pa kuingia. Sisi tukiona mchwa hukimbilia dawa! Aidha alipanga mistari ya mawe kukata mteremko, ili maji yapunguze kasi na udongo usichukuliwe. Mtama na uwele vikaota pale ambapo palikuwa hapaoti nyasi. Na kwa kuwa ndani ya samadi mlikuwa na mbegu za miti, miti nayo ikachipua katika vishimo. Hakuing'oa. Akaitunza na kupanda mingine, hata ukawa msitu wa hekta 40 hivi, wenye aina zaidi ya 60 za miti na vichaka.

Sasa zingatieni jinsi wanakijiji wenzake walivyompokea. Walisema ana wazimu, kwani kulima kiangazi kulikuwa kinyume cha ada. Kisha msitu wake ukatiwa moto. Mtu aliyesoma chuoni, anayetafuta riziki ya halali kwa jembe lake, anachomewa miti kwa sababu amevunja mila! Wala tusiwacheke watu wa Yatenga, maana vijiji vyetu pia vinao vijana waliovunjwa moyo kwa maneno ya barazani.

Yacouba hakulipiza. Alipanda upya, na kuanzia mwaka 1984 akawa anawaita wakulima nyumbani kwake mara mbili kwa mwaka, kila mmoja akileta mbegu zake, wakabadilishana na kufundishana. Mwaka 1989 wakulima kutoka wilaya ya Illéla, nchini Niger, walikwenda Yatenga wakajionea kazi hiyo, wakaichukua kwao. Hapa kwetu Tanzania, mkoani Dodoma, wapo wakulima wanaochimba vishimo vinavyofanana na hivyo, vikijulikana kwa jina la kijiji cha Chololo. Basi asiseme mtu kuwa jambo hili ni la nchi za mbali.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya nichague mada hii. Msitu ule ulipokwisha kustawi, mji wa Ouahigouya ulipanuka, na ardhi ile ikapimwa viwanja. Mzee akaambiwa kwamba akitaka msitu wake aununue, kwa fedha asizokuwa nazo. Dunia ilimpa tuzo mwaka 2018 na tena 2020, naye akafariki Desemba 2023. Allah amrehemu.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa anayeifufua ardhi iliyokufa, isiyo ya mtu, huwa ni yake. Maimamu wamekhitalifiana: Abu Hanifa ameshurutisha idhini ya mtawala, na wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakushurutisha. Naye Sayyidna Umar (r.a.) aliweka miaka 3 kwa anayejiwekea mipaka tu, ikipita bila ya kuifanyia kazi, haki yake huanguka. Pimeni wenyewe desturi yetu. Kijana hupewa bonde lenye mawe, wazee wakisema, "Chukua, hilo halina faida." Anatoka jasho miaka 5, michungwa inazaa, kisha anatokea mwenye kudai kuwa bonde lilikuwa la babu yake. Nani atakayechimba tena? Huu ni udhalimu, hata ukifanywa na mwenye kusimama safu ya kwanza.

Kwa hiyo kabla jembe halijagusa ardhi, na yaandikwe makubaliano mbele ya mashahidi. Halafu itumiwe Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inayoruhusu mwanakijiji kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Maombi hupelekwa kwa Halmashauri ya Kijiji, na mwanamke anayo haki ya kuomba hati hiyo kwa jina lake mwenyewe, sawa na mwanamume.